Mwanamke Mmoja kwa Kila Nyumba

Machi 4

Leo nimetia saini karatasi inayosema kwamba sitamwambia mtu yeyote yale nitakayoyaandika ofisini: si rafiki, si ndugu, si mtu ninayeishi naye nyumba moja. Niliisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Ofisa Utumishi akacheka. "Binti, hiyo si hati ya ndoa," akasema. Mimi sikuweza kucheka. Nina miezi saba tu kazini, kwa mkataba wa muda, na kila asubuhi nikipanda ngazi za ofisi hudhani leo ndiyo siku watakayogundua kwamba walikosea kuniajiri.

Nimenunua daftari hili njiani. Karatasi ile haikutaja madaftari.

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha jioni. Baba alisimama mlangoni akiitazama kama anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

Machi 6

Mvua. Paa la jikoni linavuja pale pale pa mwaka jana. Tumeweka ndoo.

Machi 9

Sasa najua siri yenyewe. Ofisa amenipa majina ya idara nzima ya ufumaji, wanaume mia mbili na kumi na wanne, niyapange kwa namba zao za kazi. Juu ya ukurasa kuna neno moja: Watakaopunguzwa. Niliandika kama tulivyofundishwa chuoni, macho kwenye karatasi, vidole kwenye vitufe, bila kufikiri, mpaka nilipofika ukurasa wa tatu nikaandika jina la baba yangu. Nililiandika bila kosa hata moja. Hilo ndilo linalonitisha.

Baba ni fundi wa mitambo ya kufuma kwa miaka ishirini na sita. Huweka kiganja juu ya mtambo unaotetemeka akajua ni boti au nati gani imelegea. Masikio yake yamekwenda na kelele zile, kama ya wenzake wote. Mle ndani hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo huongea kwa midomo bila sauti. Huliumba kila neno kwa ukamilifu, na mwenzao aliye upande wa pili wa ukumbi husoma. Hutaniana hivyo, hugombana hivyo, huulizana habari za watoto hivyo. Nyumbani nasi humgeukia baba tunaposema naye. Mama anasema mimi nilijua kuumba maneno mdomoni kabla sijajua kuyatoa.

Wakati wa chakula baba aliniangalia. "Leo umetulia kama cherehani iliyokatika mkanda."

"Uchovu tu, baba."

"Uchovu!" akamwambia mama. "Mtoto anachoka kwa kukaa kwenye kiti!"

Wakacheka wote wawili. Nikacheka nao. Chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni.

Machi 10

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Orodha bado haijahakikiwa.

Machi 13

Nitaandika polepole ili nisikose.

Ofisi yetu imejengwa juu ya ngazi, na ukuta wake mmoja ni kioo kinachotazama chini kwenye ukumbi wa mitambo. Waliojenga walitaka wakubwa wawaone wafumaji wakati wote. Meza yangu iko mbele ya kioo hicho kwa sababu ndipo penye mwanga.

Saa nne asubuhi Ofisa akaniambia nihakiki orodha kwa mara ya mwisho, jina kwa jina, kwa kulinganisha na rejesta. Akatoka kwenda mkutanoni. Nina njia yangu ya kuhakiki, na siku zote nimejivunia kwamba hainiachii kosa: nalitamka kila jina kwa midomo, bila sauti, huku kidole kikiwa kwenye mstari. Namba, jina, jina la baba. Namba, jina, jina la baba. Nikafanya hivyo kwa uangalifu kabisa. Sikuinua kichwa.

Nilikuwa nimefika kama jina la hamsini nilipohisi kitu kimepungua. Kiti changu kilikuwa hakitetemeki kama kawaida. Nikaendelea. Kwenye jina la tisini nikasikia mvua juu ya bati, na mvua haijawahi kusikika mle ndani tangu niajiriwe. Nikainua kichwa.

Chini, mitambo ilikuwa imesimama, safu baada ya safu. Wanaume walikuwa wamesimama kando ya mitambo yao, nyuso juu, wakinitazama mdomoni. Wengine walikuwa wameshika vichwa. Uvumi wa kupunguza watu ulishazunguka, hawakuhitaji kuambiwa orodha ni ya nini. Jirani yetu, yule tunayemwita Spidi kwa sababu huendesha mitambo minne peke yake, alikuwa ameninyooshea kidole huku akiumba neno moja tena na tena: Na mimi? Na mimi?

Nilikuwa nimeshamsoma. Alikuwa wa arobaini na moja. Labda aligeuka kuunga uzi, likampita.

Baba alikuwa mbali, karibu na mlango, spana mkononi. Jina lake lilikuwa bado mbele, lakini yeye si mtu wa kusubiri ukurasa wa tatu ndipo aelewe. Alinitazama, akaumba maneno taratibu, kama alivyonifundisha nilipokuwa mtoto: Mdomo, mama. Funga mdomo.

Nikaifunika orodha kwa mikono yote miwili. Kama vile mikono ingeweza kusaidia.

Machi 14

Ofisa anazunguka ofisini akisema, "Kuna mdomo humu ndani. Nitaupata." Ameniuliza mara mbili. Nilisema sikuongea na mtu, na kwa kweli sikutoa sauti. Wafumaji wamehojiwa mmoja mmoja, wakajibu wote kwamba hawasikii vizuri, hawakuelewa swali. Hakuna hata mmoja aliyenitaja. Mimi ndiye niliyewasomea hukumu yao, na wamenificha.

Nyumbani baba hakulizungumzia mpaka mama alipotoka nje. Kisha akasema, "Hukuruka hata mmoja. Nilikuwa nahesabu."

Sikujua kama ananisifu. Nadhani alikuwa ananisifu.

Machi 17

Hakuna kitu. Mvua.

Machi 20

Tangazo limetoka, nami ndiye niliyelichapa. Ufumaji unafungwa mwisho wa mwezi. Vitambaa vitaletwa kutoka nje vikiwa tayari, na kiwanda kitabaki na idara ya ushonaji peke yake. Kila nyumba ya kota za kiwanda, kama hii yetu, inaruhusiwa kutoa mwanamke mmoja aingie ushonaji. Nyumba itakayomtoa itabaki na makazi. Nyumba isiyomtoa iondoke ifikapo Mei 15, saa kumi jioni. Kwa kuwa nyumba zimeandikwa kwa majina ya waume, kila mume atie saini fomu ya kumwachia mke namba yake ya kazi.

Nilijikaza nikamuuliza Ofisa kwa nini mwanamke. Mafundi wengine wanaweza kushona.

"Mwanamume mzima na vifungo vya blauzi?" akasema. "Wanawake vidole vyao vyepesi, mishahara yao midogo, na hawapigi kelele. Andika."

Nikaandika. Nilipouliza kama kazi yangu mimi yaweza kuishikilia nyumba ya wazazi, alinitazama kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko dharau. Wenye mikataba ya muda hawana namba. Hawana nyumba. Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja.

Aprili 1

Ukumbi umefungwa. King'ora kimelia saa kumi na mbili kama kawaida, na baba akaamka, akavaa suruali yake ya kazi, akafunga viatu. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono juu ya magoti. Nilipoondoka alikuwa bado amekaa hivyo. Njiani niliwaona wanawake wawili wawili wakielekea geti dogo la nyuma, lile walilokuwa wakipitishia taka za pamba. Ndilo lililofunguliwa kwa ajili yao.

Aprili 6

Mama aliweka fomu mezani, na kalamu juu yake.

"Mzee wangu, tia saini."

Baba alikuwa anasugua spana yake kwa kitambaa. Haijashika boti kwa siku sita, lakini anaisugua. "Nikishatia, mimi nitakuwa nani humu ndani?"

"Utakuwa mume wangu."

"Hiyo si kazi."

"Kumbe!" mama akasema. "Mimi miaka yote hii nimekuwa mke wako, nikadhani ni kazi. Nadai likizo zangu."

Nilitaka kucheka. Baba hakucheka. Alisema kwa sauti ile ya juu ya watu wasiojisikia wenyewe, majirani wote wakasikia: "Namba ile nilipewa mimi! Nilipewa nikiwa na ndevu tatu! Nikiitoa, nitabaki nimekaa hapa nangoja mwanamke aniletee chakula, nimuulize siku yake ilikuwaje?"

"Mimi nimekuuliza kila siku," mama akasema. Lakini alikuwa amegeuka kuelekea jikoni, na baba hakuweza kuuona mdomo wake.

Fomu imelala mezani. Nimeihamisha mahali pakavu, chini ya trei ya vikombe.

Nimemkasirikia baba. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema kwingine.

Aprili 9

Spidi ametia saini tangu wiki iliyopita. Mkewe anashona, na yeye amebaki na mtoto wao wa miezi minane. Leo alipita mbele ya ukuta wanapokaa wanaume wasio na kazi, mtoto amemfunga mgongoni kwa shuka.

"Spidi! Umepata abiria!"

"Usisahau kumnyonyesha, jamani!"

Akasimama, akainama kama anayetoa salamu rasmi. "Nyamazeni, huyu ndiye bosi wangu mpya. Akilia nakimbia. Ila ni bora kuliko yule wa zamani, huyu walau hulala mchana."

Walicheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Nami nilicheka nikiwa upande wa pili wa barabara. Baba alikuwa miongoni mwao, na hakucheka. Alikuwa anamtazama Spidi usoni, mahali ambapo wengine hawakutazama.

Aprili 11

Mvua ya mawe. Mama anakwenda kila mchana nyumbani kwa Spidi kujizoeza kwenye cherehani ya mkewe, "ili kama ikitokea." Hasemi ikitokea nini.

Aprili 17

Maji ya mvua ya usiku yaliingia chumba cha umeme ofisini, tukaruhusiwa saa saba. Nilikuta mlango wa nyumba umefungwa kwa ndani mchana kweupe, na pazia limeshushwa. Nikaogopa. Nimesikia mambo ambayo wanaume hufanya wakifungiwa kazi, na kichwa changu kiliyapitia yote kabla baba hajafungua.

Alifungua kidogo, akaona ni mimi, akanivuta ndani akafunga tena. Mikono yake ilikuwa na povu hadi kwenye viwiko.

Chumbani alikuwa ametundika kamba kutoka dirishani hadi kwenye kabati, na juu ya kamba nguo zetu zote: magauni ya mama, blauzi zangu za ofisi, mashuka. Zimenyooshwa pindo kwa pindo, hakuna kunyanzi, kama kitambaa kinachongoja ukaguzi. Jikoni sufuria zilikuwa zinang'aa. Nikakumbuka kwamba kwa siku kadhaa mama amekuwa akirudi kutoka kwa Spidi akisema, "Leo kazi zimekwisha mapema, sijui nina nguvu gani." Anajua. Bila shaka anajua, na amechagua njia hiyo ya kushukuru.

"Baba, kuna jua leo. Ungezianika nje."

"Nje kuna watu," akasema.

Kisha akanionyesha jinsi alivyogundua kwamba kola ya blauzi hutoka uchafu ukiisugua kwa kwenda upande mmoja tu, kama unavyopaka grisi. Alilieleza jambo hilo kwa muda mrefu. Nilikuwa sijamwona akifurahi tangu mwezi wa tatu. Nilipokuwa nakwenda kubadili nguo akanishika mkono.

"Usimwambie mtu."

Nimeshatia saini ya siri nyingine mwaka huu. Hii siivunji.

Aprili 24

Spidi ameondoka. Alimleta mtoto kwa mama saa mbili asubuhi, amemwogesha, amempaka mafuta, akasema anakwenda dukani kununua sabuni. Hajarudi. Mkewe alitoka kazini jioni akiwa bado na nyuzi nywelini, akasimama mlangoni kwetu, akatuangalia mmoja mmoja.

"Alisema sabuni?"

"Alisema sabuni," mama akajibu.

"Sabuni ipo. Nilinunua jana."

Akamchukua mtoto akaenda. Baba akasema, bila kumtazama yeyote: "Mnaona? Ndivyo saini ile inavyomfanya mtu."

Mama hakubisha. Nikaelewa kwa nini hamkazii tena baba kuhusu fomu. Baba asipotia saini, mama anapoteza nyumba. Akitia, mama anaogopa atampoteza mume. Na mimi nilikuwa nimekaa hapa mwezi mzima nikidhani ni ukaidi wa watu wazima.

Aprili 28

Habari mpya, na mara hii si ya siri. Mitambo imeuzwa kama chuma chakavu. Wanatafutwa wanaume kumi na wawili wa kuifungua, kibarua cha miezi mitano, bila nyumba. Ofisa ameniambia mwenyewe: "Jina la baba yako nimeliweka la kwanza. Hakuna anayeijua mitambo ile kama yeye. Asije akakataa, mwambie."

Nilidhani atakataa. Nilimwambia nikiwa nimemkabili, polepole. Alitazama viganja vyake.

"Kuifungua?"

"Ndiyo, baba."

"Afadhali niifungue mimi kuliko mtu mwenye nyundo." Akaongeza, "Miezi mitano si haba." Alikula sahani mbili. Alipokuwa anakula alionekana anaipanga mitambo kichwani, upi kwanza, upi baadaye.

Sikuthubutu kutaja fomu. Nilifikiri, akishashika spana tena, atatia saini kwa moyo mwepesi.

Mei 3

Bado.

Mei 8

Mvua imezidi. Nyumba tano zimepewa barua za kuondoka, nimezichapa mimi. Mama ameanza kufunga vyombo kwenye boksi, akiacha vikombe na sufuria moja. Baba anaona. Anazunguka boksi lile kama mtu anayezunguka shimo barabarani.

Mei 12

Mama alijaribu mara moja zaidi. Alisimama mbele yake, uso kwa uso, akasema kwa midomo tu, bila sauti, kama wafanyavyo wafumaji. Nadhani alitaka nisisikie, akasahau kwamba mimi ni mtoto wa nyumba hii. Alisema: Sikuachi. Wewe usiniache.

Baba akavaa koti akatoka kwenye mvua.

Mei 14

Nimeinua trei ya vikombe. Fomu ipo. Mahali pa saini ni peupe. Kesho saa kumi.

Mei 15

Siwezi kuandika leo.

Mei 16

Nitaandika, maana nisipoandika nitaanza kujisimulia kwa namna nyingine.

Jana nilifika ofisini kabla ya wote. Baba alikuwa ametoka nyumbani alfajiri bila kusema anakwenda wapi, na mama alikuwa amekaa juu ya boksi lililofungwa kamba. Nilifungua kabati la mafaili, nikatoa faili la baba. Lina saini zake za miaka ishirini na sita: za likizo, za viatu vya kazi, za siku aliyojikata kidole. Nikachukua fomu tupu. Nikafanya mazoezi kwenye karatasi chakavu mara kumi na moja, nikaichana vipande vidogo, kisha nikatia saini ya baba yangu mahali pake na kuiweka fomu kwenye trei ya Ofisa, katikati ya nyingine. Mimi ninayeogopa simu ikilia sikutetemeka.

Saa tatu Ofisa aliigonga mhuri bila kuitazama. Nyumba ikawa yetu.

Saa tisa na nusu wanawake walipanga foleni kwenye ngazi na fomu za mwisho, nguo zimelowa. Mwanamume hakuwepo hata mmoja. Kisha nikamwona baba. Alikuwa katikati ya foleni, amevaa shati lake jeupe la harusi za watu, limeshikana mwilini kwa mvua. Wanawake walikuwa wanamtania.

"Baba, umekuja kuomba kazi ya vifungo?"

"Mnipe nafasi," akajibu, "nina vidole vyepesi kuliko vyenu." Wakacheka, na yeye akacheka nao. Sikuwahi kumsikia akifanya utani mbele ya wanawake. Jioni jirani mmoja aliniambia kwamba asubuhi nzima alikuwa amekaa kwenye ukuta ule, peke yake, akijikaza.

Alipofika mezani alitoa fomu, ile ya chini ya trei ya vikombe, kutoka ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa kavu kabisa. Akaiweka mbele ya Ofisa kwa mikono miwili.

Ofisa akaisoma namba, akakunja uso. Akafungua jalada. "Mzee, hii nyumba imeshaleta." Akaitoa ile yangu, akaziweka sambamba. "Saini yako hii. Na hii je?"

Baba aliinama, akatazama. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Aliitazama ile saini ya kwanza kwa muda mrefu, kama anavyotazama uzi uliokatika kutafuta ulipokatikia. Kisha akanitazama mimi. Mara moja tu.

Kughushi kwa karani ni kufukuzwa siku hiyo hiyo, na polisi. Fomu zote mbili zingefutwa. Alijua. Kila mtu kiwandani anajua.

Akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Ah! Nilileta asubuhi! Nilimpa huyu binti yangu pale mlangoni. Nimesahau kabisa, mkuu. Kichwa hiki siku hizi, sijui kimeingia nini. Jana nilitafuta kofia nikiwa nimeivaa."

"Ulileta asubuhi, ukasahau, ukajaza nyingine?"

"Uzee, mkuu. Unisamehe."

Foleni nzima ikasikia, kwa sauti yake ile. "Maskini," mwanamke mmoja akasema, "na huyu alikuwa anakumbuka kila boti." Ofisa akaichana fomu ya pili, ile ya kweli, akaitupa kwenye kapu. Baba akaweka mfuko wa nailoni mfukoni, akashuka ngazi akishikilia ukuta, kama mzee.

Hayo ni ya jana. Leo asubuhi Ofisa amenipa orodha ya wafungua mitambo.

"Jina la baba yako, likate."

Nikauliza kwa nini, ingawa nilishajua.

"Mtu anayesahau la asubuhi kabla jua halijazama, nimweke chini ya mtambo wa tani mbili? Aue watu? Nakuonea huruma, binti, lakini likate."

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yameumbika. Nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikalikata jina la baba yangu kwa mstari ulionyooka.

Mei 18

Siku ya kwanza ya mama kazini. Ameingia kwa geti dogo, na namba ya baba kifuani. Baba alimsindikiza mpaka kwenye kona. Hajaniambia neno tangu siku ile.

Mei 21

Mvua zimekatika. Nilirudi nikamkuta baba jikoni anamenya viazi. Mlango ulikuwa wazi, pazia limepandishwa, nguo zinacheza kwenye kamba nje mbele ya watu wote. Nikasimama mbele yake ili anione vizuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Orodha ya mitambo imetoka?"

"Imetoka."

"Mkuu wao nani?"

Nikamtajia yule fundi wa zamu ya pili. Akatikisa kichwa, akaendelea kumenya. Ganda lilikuwa linatoka refu, jembamba, bila kukatika.

"Baba, nilikukata mimi. Kwa kalamu."

"Najua. Nilijua pale pale nilipotamka. Fundi anayesahau hapewi spana. Hata mimi nisingempa." Akakitia kiazi kwenye maji. "Saini yako ilikuwa nzuri mno. Yangu haijawahi kunyooka hivyo."

Nikaanza kulia. Aliniacha nilie. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo:

"Nilikuwa nakuja, mama. Ungenisubiri mpaka saa kumi tu."

Nilimwogopa Ofisa, nikaogopa barua, nikaogopa ngazi, na mtu niliyeshindwa kumwamini ni huyu.

Akajifuta mikono. "Yule wa zamu ya pili ni mzuri, ila ana haraka. Ataanza na boti za juu, mtambo utamlalia. Leta kalamu."

Nikaleta kalamu na daftari hili hili, maana ndilo lililokuwa karibu. Akafumba macho, akanyoosha viganja mbele yake kana kwamba ameviweka juu ya chuma, akaanza kusema, mtambo kwa mtambo, boti ipi kwanza, ipi imeota kutu, upi una ufa usioonekana. Niliandika upande wa nyuma wa daftari, kurasa sita. Tulikuwa tumefika mtambo wa kumi na tisa mama alipoingia, miguu imevimba, viatu mkononi.

Baba akasimama akampa kiti. Akamwekea chai. Akasita kidogo, akiwa bado ameshika birika.

"Haya," akasema, "siku yako ilikuwaje?"